Kitabu chako ni cha haramia, lakini haramia yupi?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mtu wa Tanga, huu ni mwaka wangu wa saba hapa Reading, Uingereza. Jumapili iliyopita, kwenye gulio la mitumba, nilinunua riwaya ya Lady Chatterley's Lover ya D. H. Lawrence kwa pauni 40. Mbele imeandikwa kwamba imechapwa kwa faragha mwaka 1928, na ndani ina saini ya mwandishi. Jalada ni la kitambaa cha rangi ya chungwa iliyochujuka, mgongoni kuna kipande cha karatasi ya kijani. Nilimpelekea muuza vitabu mmoja wa hapa mjini. Akakipekua dakika moja tu, akasema ni toleo la wizi, halina maana, nikalitupe. Je, nimepigwa? Na kama ziko nakala nyingine za namna hii, kuna watu wanaozikusanya? Nimekutumia picha tatu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikitupe. Na tafadhali usiguse ile saini kwa kifutio, maana nawajua vijana wakishaambiwa kitu ni feki.

Huyo muuza vitabu amekwambia nusu ya habari. Kwa ninavyoona kwenye picha, kitabu ni cha wizi kweli, yaani kimechapwa na haramia bila ruhusa ya mwandishi. Lakini hilo ndilo swali la mtu anayetaka kuuza leo leo: halali au haramu? Mkusanyaji hasimami hapo. Anauliza nani aliiba, aliiba lini, na aliiba kwa njia gani. Riwaya hii iliibiwa mara nyingi mno, na kila haramia aliacha alama za vidole vyake. Kazi yetu ni kuzisoma alama hizo.

Turudi kwanza Florence, Italia, mwaka 1928. Lawrence alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, pesa hana, na mkononi ana riwaya ambayo hakuna mchapishaji wa London wala New York aliyethubutu kuichapa nzima: bibi wa kitajiri anapendana na mlinzi wa msitu wa mumewe, na ndani mna maneno ambayo sisi watu wa pwani tungeyaita matusi ya nguoni. Akaamua kuichapisha mwenyewe. Rafiki yake Pino Orioli, muuza vitabu wa pale Florence, akasimamia kazi, na kazi ikapelekwa kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, Tipografia Giuntina, ambacho wafanyakazi wake hawakujua Kiingereza hata neno moja. Lawrence anasimulia kwamba mwenye kiwanda, mzee mfupi mwenye masharubu meupe aliyekuwa ametoka kuoa mke wa pili, aliambiwa waziwazi kitabu kina maneno gani, asije akaingia matatani bila kujua. Mzee akauliza kinaeleza nini hasa. Alipoambiwa akajibu bila kujali: hayo mbona tunayafanya kila siku!

Hapo pana jambo moja la kukumbuka, litakusaidia baadaye. Siku zile ukurasa ulipangwa kwa herufi moja moja za madini ya risasi, na herufi hizo hazikutosha kitabu kizima. Wakapanga nusu ya kwanza, wakaichapa nakala 1000 kwenye karatasi nzuri ya kutengenezwa kwa mkono, na nyingine 200 kwenye karatasi ya kawaida, halafu wakazibomoa herufi zile zile ili wapangie nusu ya pili. Na kwa kuwa hawakujua wanachopanga, makosa yalijaa. Neno moja tu la Kiingereza, didn't, lilimtesa Lawrence katika kusahihisha. Kwenye barua zake alitania kwamba lilikuwa linamrudia kwa kila sura, apostrofi leo iko hapa kesho iko kule. Mengine aliyakamata, mengine yakapita. Makosa yaliyopita ndiyo dhahabu yetu, maana haramia aliyepiga picha kurasa na kuzichapa hivyo hivyo aliyabeba yote, na haramia aliyepanga herufi upya aliyasahihisha mengine, pengine bila hata kujua kwamba anajitia kitanzi.

Nakala 1000 zilitoka Julai 1928, kila moja ina namba na saini, bei pauni 2, kwa Marekani dola 10. Jalada gumu la karatasi ya rangi ya forosadi lililoiva, na mbele ndege wa finiksi anayeibuka kwenye moto, mchoro wa Lawrence mwenyewe kwa wino mweusi. Zile 200 za karatasi ya kawaida, zenye jalada jepesi, zilitoka mwishoni mwa mwaka huo kwa gini 1, yaani shilingi 21 za Kiingereza. Nazo zilitoka kwa sababu ya kitabu kama hicho ulichonacho wewe. Nitafika hapo.

Kwa nini waliiba kirahisi hivyo? Sheria. Kwa Marekani ya wakati ule, kitabu cha Kiingereza hakikupata hakimiliki kamili mpaka kipangwe na kuchapwa ndani ya nchi hiyo. Sasa nani angechapa kule kitabu ambacho forodha walikuwa wanakikamata bandarini na posta wanakikamata njiani? Kwa hiyo kitabu kikawa kama embe lililoanguka barabarani, anayeinama ndiye mwenyewe. Uingereza hakimiliki ilikuwepo kwenye makaratasi, lakini nenda mahakamani ukashitaki kwamba umeibiwa kitabu ambacho polisi nao wanakutafuta nacho! Lawrence alikuwa mwizi mbele ya serikali na mwibiwa mbele ya wezi.

Uzuri ni kwamba alikuwa na ulimi. Mwaka 1929 aliandika insha ya kuwaeleza maharamia hao mmoja mmoja, na mpaka leo insha hiyo ndiyo orodha ya kwanza ambayo mkusanyaji anatakiwa kuisoma. Jina lake ni My Skirmish with Jolly Roger. Mwaka 1930 ilirefushwa ikatoka kama A Propos of Lady Chatterley's Lover. Nakueleza kwa maneno yangu.

Anasema toleo la kwanza la wizi lilionekana New York ndani ya mwezi mmoja tangu nakala halali za kwanza zifike huko. Lilipigwa picha kutoka kwenye kitabu chenyewe, na wauza vitabu, hata wale wa kuaminika, wakawauzia watu kana kwamba ni lenyewe la Florence. Bei: mara nyingi dola 15, wakati la halali ni 10. Fikiri hilo, feki ghali kuliko halisi.

Halafu anataja jingine, lililopigwa picha ama New York ama Philadelphia. Anasema yeye analo moja: kitabu kichafu kukitazama, jalada la kitambaa cha rangi ya chungwa iliyofifia, lebo ya kijani, maandishi yamepakaapakaa kwa upigaji picha mbaya, na ndani saini yake imeghushiwa, kwa dhihaka yake, na mtoto mdogo wa ukoo wa kiharamia. Lilipoingia London kutoka New York mwishoni mwa 1928 likiuzwa shilingi 30, ndipo yeye akaamua kuzitoa zile 200 kwa gini 1 ili ashindane nalo.

Umeona sasa kwa nini nilishtuka nilipofungua picha yako ya kwanza? Chungwa, kijani, saini. Subiri lakini, usianze kupiga simu kwa madalali. Rangi peke yake si ushahidi, maana jalada linaweza kubadilishwa na mtu yeyote mwenye kitambaa na gundi.

La tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, na sijawahi kulipata: jeusi, refu, limefanywa lifanane na Biblia au kitabu cha nyimbo za kanisani. Lina kurasa za jina mbili badala ya moja, na kila moja imechorwa tai wa Marekani, nyota sita kichwani, radi zinamtoka kwenye kucha, na shada la majani limemzunguka. Haramia huyu alikuwa mtu wa heshima zake! Nadhani alielewa kwamba ofisa wa forodha hafungui kitabu cha dini. Hayo ni mawazo yangu, Lawrence hakusema hivyo.

Ulaya nako wakaiba. Kampuni moja ya wauza vitabu wa Paris ilitoa nakala 1500, zikapigwa chapa kwamba zimechapwa Ujerumani. Hizi hazikupigwa picha, zilipangwa upya, maana baadhi ya makosa ya Florence yamesahihishwa. Zinafanana sana na la kwanza, rangi na umbo, ila hazina saini, na juu ya mgongo, pale kurasa zinaposhonwa, kuna utepe mwembamba wa hariri ya kijani na njano. Wauzaji walizichukua kwa faranga 100 na kuwauzia watu kwa 300, 400, hata 500. Na Lawrence alisikia kwamba wasio na haya kabisa walitia saini ya uongo wakaziuza kama za Florence.

Naujua utepe huo wa kijani na njano vizuri kuliko ninavyopenda. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado najiona mjanja, nilinunua kwa muuzaji mmoja nakala ya rangi ya forosadi yenye saini. Nililipa karibu kodi ya nyumba ya miezi mitatu. Nikarudi nyumbani, nikamimina chai, nikakiweka kitabu mezani kimesimama, nikakaa kukitazama kama bwana harusi. Taa ilikuwa juu yake. Pale juu ya mgongo nikaona nyuzi mbili, kijani, njano, kijani, njano. Chai ilipoa. Yule muuzaji alikataa kunirudishia pesa, akasema hata yeye aliuziwa hivyo hivyo. Kitabu ninacho hadi leo, na sasa ndicho ninachowafundishia watu, kwa hiyo siwezi kusema nimepata hasara yote.

Na kabla sijawaacha maharamia, mmoja alikuwa na dhamiri ya aina yake. Muuza vitabu wa New York alimtumia Lawrence dola kadhaa, akasema ni asilimia 10 ya alizouza dukani kwake, na akakiri kwamba ni tone tu kwenye ndoo. Lawrence akajibu kwenye insha kwamba mtu huyo alikusudia kusema tone lililotoka kwenye ndoo. Na kama tone ni hilo, basi ndoo yenyewe ilijaa vizuri sana.

Sasa kitabu chako. Picha ya pili, ile ya ukurasa wa maandishi, ndiyo iliyonipa jibu la kwanza. Ukiikuza utaona tundu la herufi “e” limezibwa na wino, na “a” vivyo hivyo, na mikia ya herufi imevimba kama mtu aliyeumwa na nyuki. Herufi za risasi zikichapwa vizuri hazifanyi hivyo kwa ukurasa mzima. Hiyo ni picha ya ukurasa, si ukurasa. Ningependa pia ufumbe macho upitishe kidole taratibu nyuma ya karatasi. Kwenye toleo la Florence, herufi zimebonyea kwenye karatasi laini na mgongo wa ukurasa una vinundu vidogo vidogo. Kama karatasi yako haina kinundu upande wowote, imetoka kwenye mashine ya picha. Kama ina vinundu, isikudanganye ukafurahi mapema, maana siku zile picha ya ukurasa iliweza pia kuchorwa kwenye bamba la zinki kwa asidi, na bamba nalo hubonyeza.

Karatasi pia ina mengi ya kusema. Inyanyue ukurasa mmoja mbele ya dirisha. Karatasi ya mkono ya Florence ina mistari ya ungo uliotumika kuitengeneza, na kingo zake za nje na chini hazikukatwa, zimekwaruzika kama ukingo wa chapati. Kingo za kitabu chako kwenye picha ya kwanza zimenyooka kama zimepitishwa kwenye mashine ya kukatia karatasi ya ofisi ya stesheneri.

Halafu namba. Kwenye toleo halisi kuna maneno yanayosema nakala ni 1000 tu, na namba imejazwa kwa kalamu pamoja na saini. Kwako naona nafasi ya namba, lakini picha imekatwa pembeni, sijui imejazwa nini. Maharamia wa picha mara nyingi waliyaacha maneno hayo hayo kama yalivyo, kwa hiyo kitabu cha wizi kinakuapia kwa maandishi kwamba ni kimoja kati ya 1000.

Hapa ni lazima nikuonye juu ya mtego unaowanasa hata wazoefu. Ukishajua kwamba herufi zilizovimba maana yake ni picha, utataka kila chenye herufi zilizovimba ukiite cha haramia. Sivyo. Lawrence mwenyewe, baada ya kuchoka kuibiwa, na baada ya maharamia wa Ulaya kumwomba awahalalishe kwa malipo naye akakataa, aliamua kutoa toleo la bei nafuu Paris mwaka 1929. Mchapishaji alikuwa Edward Titus, Mmarekani aliyekuwa na duka la vitabu huko. Na walilitengenezaje? Kwa kulipiga picha toleo la Florence! Kwa hiyo lina sura ile ile ya upigaji picha, lina ukurasa wa jina unaosema limechapwa kwa faragha, halina jina la mchapishaji mahali pa wazi, lina jalada la karatasi tupu, bei faranga 60. Kila dalili ya wizi, na ni halali kabisa. Utalijua kwa mwaka, 1929, na kwa sababu mbele yake imewekwa ile insha ya kuwasema maharamia. Nimeona watu wakilinunua kwa bei ya takataka kutoka kwa wauzaji wa aina ya yule wako wa dakika moja. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara mbili na sikujisikia vibaya.

Vivyo hivyo toleo la Odyssey Press la 1933, lililochapwa Ulaya bara kwa ridhaa ya wenye haki. Watu huliona halina historia wanayoijua, wanaliweka kapu moja na ya wizi.

Umeuliza kama kuna wanaokusanya. Wapo, wengi kuliko unavyodhani, na maktaba za vyuo vikuu zinakusanya pia, kwa sababu ukitaka kujua watu walisoma nini hasa wakati kitabu kimepigwa marufuku, matoleo halali hayakusaidii. Nakala 1000 za pauni 2 zilisomwa na marafiki na matajiri. Walioisoma kwa kujificha, wengi wao walisoma haramia.

Kama unataka kuanza, kabla ya kununua kitabu cha pili nunua au azima vitabu viwili vya marejeo. Kimoja ni bibliografia ya kazi za Lawrence ya Warren Roberts, iliyotoka mara ya kwanza 1963. Tafuta toleo la tatu la 2001 alilolifanya pamoja na Paul Poplawski. Kingine ni cha Jay Gertzman, cha 1989, kinachohusu riwaya hii moja tu, toleo kwa toleo. Cha Gertzman ni kikavu kama muhogo wa jana, vipimo vya jalada, idadi ya kurasa, rangi ya kitambaa, lakini ndicho kitakachokwambia chungwa lako ni chungwa lipi. Maktaba kubwa za Uingereza wanavyo. Mwombe mkutubi wa hapo Reading akuagizie kutoka maktaba nyingine. Kaa navyo wikendi mbili. Utaokoa pesa nyingi kuliko pauni 40.

Kuhusu bei sitakudanganya. Toleo la Florence lenye saini halisi ni maelfu ya pauni. Haramia wa miaka ya 1928 hadi 1930 huenda kwa makumi ya pauni mpaka mamia, kutegemea hali yake, uadimu wake, na kama muuzaji anajua anachouza. Asiyejua huuza kwa namna mbili: rahisi mno au ghali mno. Wewe ulimpata wa namna gani? Nadhani ulimpata wa katikati, aliyeona saini akatamani, akaogopa, akasema 40. Hujapigwa. Usitegemee tu kununulia kiwanja Tanga.

Usiogope pia mambo ya sheria. Lawrence alikufa tarehe 2 Machi 1930 kule Vence, kusini mwa Ufaransa, na kwa Uingereza hakimiliki ya riwaya hii iliisha mwisho wa mwaka 2000. Kumiliki nakala ya haramia wa 1928 hakukufanyi mshirika wake. Kinachoweza kukupeleka pabaya ni kuiuza huku ukisema saini ni ya kweli.

Baadhi ya wakusanyaji hawaishii kwenye 1930. Samuel Roth wa New York, ambaye katika biashara hii jina lake ni kama la jambazi wa hadithi, alitoa toleo lake lililokatwakatwa matusi, halafu mwaka 1931 akatoa kitabu kingine juu ya waume wa huyo Lady Chatterley, na mwaka uliofuata kingine juu ya marafiki zake. Hakuishia kuiba kitabu, aliiba mpaka mhusika akampa maisha mapya! Huyu ndiye aliyewahi kuiba pia riwaya ya Ulysses ya James Joyce, na toleo lake la wizi la 1929 lilifanana na toleo halali la Paris la riwaya hiyo kiasi kwamba wachapishaji wa Random House, walipopata ruhusa ya kuichapa kihalali Marekani mwaka 1934, walipanga kitabu chao kutoka kwenye nakala ya Roth bila kujua. Makosa ya haramia yakasomwa na Marekani nzima kama maneno ya Joyce. Siku mtu atakapokwambia matoleo ya wizi hayana maana, mpe hiyo.

Wengine huendelea hadi Marekani ya 1959, pale wachapishaji wa Grove Press waliposhinda Julai mwaka huo kesi ya kuruhusiwa kuitoa nzima, na kwa kuwa hakimiliki haikuwepo, wachapishaji wengine wakarukia kitabu na wao wakatoa vya jalada jepesi. Huo ni uharamia wa mchana kweupe, na vitabu vyake bado vinapatikana kwa pauni chache. Mwanafunzi mzuri anaanzia hapo.

Upande wa Bahari ya Hindi kuna habari ya Bombay, ambako mmoja wa wenye kibanda cha vitabu, Ranjit Udeshi, alitiwa hatiani kwa kuuza nakala ya riwaya hii isiyokatwa matusi. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu Kabisa ya India ikakubali hukumu hiyo. Faini ilikuwa rupia 20. Karatasi yoyote ya wakati ule kutoka huko, hata risiti ya duka imebanwa ndani ya kitabu, usiitoe. Risiti hiyo ni sehemu ya kitabu.

Na usidharau hata kile cha wachapishaji wa Penguin cha 1960, kilichouzwa nakala 200,000 siku ya kwanza baada ya wao kushitakiwa kwa ajili yake, na baraza la wazee wa mahakama ya Old Bailey kule London kusema hawana hatia. Kiliuzwa shilingi 3 na peni 6 na kimejaa kila duka la hisani. Lakini nakala moja ya hicho hicho, aliyokuwa nayo Jaji Byrne, aliyeisikiliza kesi hiyo, iliuzwa mnadani 2018 kwa pauni 56,250. Mkewe alikuwa ameiwekea alama za penseli kwenye kurasa zenye mambo, na akaishonea mfuko wa kitambaa ili jaji asionekane anaingia mahakamani na kitabu cha namna ile mkononi. Serikali ikazuia kisitoke nchini, na Chuo Kikuu cha Bristol kikakinunua. Kitabu cha shilingi 3! Ndiyo maana nasema, usimsikilize anayetazama dakika moja.

Utunzaji nitaupitia haraka. Kitambaa cha chungwa kimeshachujuka, jua limefanya kazi yake, kiondoe dirishani. Lebo ya kijani ikianza kubanduka usiibandike kwa gundi ya shule wala selotepu; acha hivyo, tia kitabu kwenye karatasi isiyo na asidi. Ukienda nacho Tanga, joto na unyevu wa kule ni adui mkubwa kuliko mchwa, na mchwa wenyewe unawajua. Mimi ningekiacha Reading.

Sasa ile saini. Picha yako ya tatu imepigwa usiku kwa taa ya simu, inang'aa, siwezi kuamua. Ninachotaka kujua ni kama imeandikwa kwa kalamu na mtu, au imechapwa pamoja na kitabu. Ya kalamu inazama kwenye karatasi, na mahali mistari miwili inapopishana wino unakolea. Ya kuchapwa ina weusi ule ule wa maandishi mengine, haikolei popote. Kama ya kwako ni ya kalamu na mkono umetetemeka kama wa mtoto anayejifunza kuandika, basi huenda tumekaa mezani na yule mtoto mdogo wa ukoo wa kiharamia, na nitapanda treni nije Reading mwenyewe. Kesho mchana, jua likiwepo, shika karatasi hiyo mbele ya dirisha, piga picha upande wa mbele, kisha geuza upige upande wa nyuma. Usitumie flashi.